Sura ya Tano: Ngoto ya Kivuli

Saa sita mchana ya mwezi Februari, soko la mboga huhama bila amri ya mgambo. Aliyetandika kiroba chake alfajiri kwenye uwanja ulio wazi anakivuta kidogo kidogo hadi ukutani, kisha chini ya upenu wa bati, kisha chini ya mwembe wa pembeni kama upo. Fungu la mchicha lililoshuka kutoka mlimani likiwa bado na umande linaanza kulala ncha. Muuzaji anachukua chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, ananyunyiza, majani yanainuka. Baada ya robo saa yamelala tena. Ikifika saa tisa, mafungu mawili yanatolewa kwa bei ya moja, na yasiyopata mnunuzi yanaishia kwa mbuzi. Hasara hiyo haiandikwi popote. Ushuru ulilipwa asubuhi, risiti ikatolewa, na kilichoungua na jua ni cha muuzaji peke yake. Sura hii inahusu kitu ambacho kingeipunguza hasara hiyo, na ambacho Morogoro, mji uliokaa mguuni pa Uluguru na kujiita mji kasoro bahari, ungetarajiwa kuwa nacho tele: miti ya sokoni. Hoja yangu ni kwamba viwanja vya soko vya miji yetu midogo havikosi miti kwa umaskini, wala kwa kukosa wataalamu, wala kwa sababu watu wetu hawajali miti. Vinaikosa kwa sababu anayehitaji kivuli hana haki ya kupanda, na mwenye haki ya kupanda hakai juani.

Kwamba watu wetu wanaijua thamani ya mti wa mkutano, majina ya mahali yanatosha kushuhudia. Kata mbili za Manispaa ya Morogoro zinaitwa Mwembesongo na Mbuyuni. Dar es Salaam kuna Mnazi Mmoja, Mwembechai na Mkwajuni. Unguja kuna Mkunazini na Mwembeladu. Mahali hapaitwi kwa jina la mti kwa vile mti ule ulipendeza kuutazama. Panaitwa hivyo kwa sababu watu waliagana kukutana pale, wakatua mizigo pale, wakauziana pale. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji mpaka leo inaweza kufuatwa vipande vipande kwa miembe iliyobaki. Misafara hiyo ilipita chini ya milima hii, karibu na Simbamwene, mji wa ngome wa mtawala Kisabengo, ambao Henry Morton Stanley aliupita mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Mti ulitangulia, soko likafuata, na jengo likaja mwisho kabisa. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, mji ulipimwa upya kwa macho ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, na miji ya kikoloni iligawa kivuli kama ilivyogawa nyumba. Uzunguni barabara zilipandwa miti pande mbili. Sokoni na uswahilini palipimwa viwanja. Hata leo, ukipanda kutoka katikati ya mji kuelekea Boma, kivuli kinazidi kadiri unavyozikaribia ofisi na nyumba za wakubwa. Uhuru ulibadilisha wakazi wa nyumba zile. Ramani ya kivuli haikuguswa.

Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililozinduliwa na Rais John Magufuli Februari 2021 pale lilipokuwa soko la zamani, ni jengo la ghorofa lenye kila kinachotajwa tunapotaja soko la kisasa. Sina ugomvi na jengo. Nyama haiuzwi juani, nafaka hazitaki mvua, na choo chenye maji hakioti kwenye shina la mwembe. Kinachonishughulisha ni jina. Kingalu ni cheo kinachorithiwa cha watawala wa Kinole, upande wa mashariki wa milima, na Waluguru waliwaheshimu wenye cheo hicho hasa kama waombaji mvua. Upande huo ndio unaopokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nao hupata mvua nyingi kuliko mji wa Morogoro, ulio upande wa pili wa mlima na kukauka mapema zaidi. Soko lililopewa jina la mwenye mvua liko kwenye upande wa ukame, na kazi ya kivuli imekabidhiwa zege na bati kama ilivyo kwa masoko mengi mapya nchini. Kuzunguka majengo ya namna hii, nchi nzima, hutokea jambo lile lile: wauza mboga na matunda hutoka nje. Wakuu husema wanakimbia ushuru, au wanafuata wateja. Yote mawili ni kweli kwa kiasi. Ila wakishatoka, angalia wanapokaa. Hawajipangi ovyo, wanajipanga kwa kufuata kivuli, na penye mti mmoja utakuta meza kumi zimesongamana huku mita ishirini kando uwanja ukiwa mtupu.

Kwa nini basi hakuna anayepanda mti wa pili? Jibu liko mlimani, katika sheria ya ardhi ya Waluguru. Kwa mila, ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtu wa ukoo mwingine akihitaji shamba, hupewa, na kwa kulitumia hutoa ngoto: sehemu ndogo ya mavuno, au kitu kidogo tu, si kwa thamani yake bali kama ishara kwamba anawatambua wenye ardhi. Atapanda mahindi, atapanda maharage, atavuna. Asichoruhusiwa ni kupanda miti ya kudumu. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kugombania mpaka: mahindi huondoka na msimu, lakini mwembe hubaki, na aliyeupanda atasema siku moja kwamba mwembe ni wake, na mwanawe atasema kwamba na ardhi iliyo chini yake ni yao. Kupanda mti Uluguru ni kutoa tamko la umiliki. Mwenye ardhi anayemkataza mgeni kupanda mti hauchukii mti. Anakisoma kitendo sawasawa.

Sasa mshushe mtu huyo bondeni na umweke sokoni. Mwenye kizimba, au mwenye kiroba kilichotandikwa chini, analipa ushuru kila siku. Halmashauri inautoza kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 na sheria zake ndogo, na risiti inathibitisha kwamba mlipaji anatambua uwanja ni wa nani. Huo ushuru ni ngoto ya mjini. Nao unakuja na katazo lile lile, hata kama halijaandikwa: mlipaji anaweza kusimamisha mwamvuli, anaweza kufunga turubai kwa kamba, anaweza kuleta kila kitu kinachoondoka naye jioni. Akichimba shimo na kutia mche, ataulizwa kwa ruhusa ya nani. Tofauti ni kwamba kule mlimani mwenye ardhi naye analima. Jua likimuunguza mpangaji, linamuunguza na yeye. Mwenye uwanja wa soko ni ofisi. Kivuli kikikosekana, ushuru wake haupungui hata shilingi. Tumechukua katazo la ukoo tukaliacha kando jambo lililolifanya livumilike, yaani mwenye ardhi kuwa jirani.

Mtu anaweza kusema kwamba dawa ni amri: halmashauri iagizwe kupanda, wauzaji waagizwe kutunza, asiyetunza atozwe faini. Milima hii imeshalijaribu hilo na inakumbuka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na kazi yake kuu ikawa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, na wataalamu hawakuwa wajinga. Lakini matuta yalifukua udongo mfu na kuuzika ule wenye rutuba, mavuno hayakuonekana, na kazi ikawa ya shuruti juu ya ardhi ambayo watu walianza kuhofia kwamba itachukuliwa. Julai 1955, huko Matombo, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa, na mpango ukafa. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba Waluguru walikataa hifadhi ya udongo. Hitimisho hilo linaanguka ukivuka tu kwenda Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, ambako wakulima wa kabichi, karoti na njegere wana matuta yao ya ngazi kwenye miteremko mikali na wanayatunza msimu hadi msimu bila bwana shamba kuwasimamia na fimbo. Kule Mgeta tuta linalipa, na faida yake inaingia mfukoni mwa aliyelichimba. Mti wa soko utakaopandwa kwa amri utakuwa tuta la Matombo. Tunahitaji uwe wa Mgeta.

Kabla ya kwenda mbele, sharti nijibu swali la anayeuliza kama mti unahitajika kweli, maadamu bati lipo. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Ukuta hautoi kivuli saa hiyo, wala baraza la pembeni haliokoi sana. Kinachookoa ni kile kilicho juu ya kichwa. Bati liko juu ya kichwa, sawa, lakini bati likipata moto hulirudisha joto lile chini, kwa muuzaji na kwa mboga, na anayekaa chini yake saa nane mchana hahitaji kupimiwa. Jani la mti halishiki moto namna hiyo, kwa kuwa linatoa mvuke mfululizo na mvuke unaondoka na joto. Kwa mboga jambo hili si la raha, ni la fedha. Mboga iliyochumwa bado inapumua, na kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka takribani mara mbili hadi tatu, ikiila akiba yake yenyewe. Ndiyo maana mchicha wa kivulini huuzwa jioni kwa bei inayokaribia ya asubuhi. Marehemu Beda Amuli alilielewa tatizo hili alipochora Soko la Kariakoo miaka ya 1970: paa lake ni miamvuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, inayotoa kivuli, inayoruhusu hewa kupita na kukusanya maji ya mvua. Mbunifu aliyepewa kazi ya kujenga soko alichora kitu kinachofanana na msitu. Waliokuja baada yake wakachora maghala.

Pingamizi la fedha ndilo linalotajwa kwanza kwenye vikao, kwa hiyo lipewe nafasi yake. Mti unakula eneo, eneo ni vizimba, vizimba ni mapato. Tuhesabu. Mwembe mpevu wenye matawi ya kipenyo cha mita 12 unafunika zaidi ya mita za mraba 110, na shina lake pamoja na duara la udongo la kuliacha lipumue halimalizi mita nne za mraba. Toa nusu ya eneo kwa ajili ya njia za wateja na mikokoteni. Zinabaki nafasi zaidi ya ishirini za meza za mita moja kwa mbili, na zote zinauzika saa zote za mchana. Uwanja huo huo bila mti una meza nyingi zaidi kwenye mchoro na chache zaidi saa saba mchana. Afisa anayehesabu vizimba kwa kutazama ramani anaona hasara. Anayehesabu risiti za alasiri ataona kingine. Nakiri kwamba mti haukui katika mwaka mmoja wa bajeti. Mwarobaini ukitunzwa huanza kutoa kivuli cha maana ndani ya miaka mitano hivi. Mwembe na mkwaju vinataka subira zaidi, na diwani aliyepanda anaweza asiwepo siku ya kukaa chini yake. Lakini mkopo wa kujengea soko nao hulipwa kwa miaka mingi, na hakuna anayekataa zege kwa sababu hiyo.

Pingamizi la pili ni la usafi na usalama, na hapa wapinzani wana haki kuliko wapenda miti wanavyokubali. Kunguru weusi wa mjini wakilala mtini, kinyesi chao kinaangukia nyanya. Majani yanaziba mitaro, na gharama yake huonekana masika ya kwanza. Mkuyu una mizizi inayotafuta maji mpaka chini ya sakafu, na mkungu humwaga majani mapana kwa mpigo mmoja kana kwamba umekasirika. Mwembe ukizaa huleta watoto wenye mawe. Yote haya ni kweli, na yote ni masuala ya kuchagua na kupogoa. Mkwaju una matawi yenye nguvu, majani madogo yasiyoziba mtaro kirahisi na uvumilivu wa ukame. Mwarobaini ni mgumu na una kivuli kizuri. Mkangazi ni mti wa nyumbani kabisa, unaopatikana katika msitu wa Kimboza mguuni pa milima, ingawa ukubwa wake unaufaa uwanja mpana tu. Kunguru huchagua tawi lililoachwa bila kupogolewa, na jalala lililo karibu. Ukiuondoa mti ukaliacha jalala, kunguru watahamia kwenye bati.

Kuna mti mmoja, hata hivyo, ambao ningeuondoa kwenye orodha kwa furaha, nao ndio unaopendwa kuliko yote na ofisi zetu: mwashoki. Ni mrefu, mwembamba, umenyooka kama askari wa gwaride, na kivuli chake mchana kinamtosha kuku mmoja. Umepandwa kwenye malango ya wizara, shule, benki na nyumba za wageni kutoka Tunduma hadi Tanga. Mwashoki ni kijani cha kutazamwa na mtu aliye ndani ya gari. Pamoja naye huja ndugu zake: nyasi zilizokatwa, ua la maua lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kibao kinachokataza kukanyaga. Bustani za namna hiyo zikiwekwa mbele ya soko, mama lishe anafukuzwa ili nyasi zikae. Kila tunaposikia kwamba mji umepanda miti, tuulize swali la kihuni kidogo: je, mtu mzima anaweza kukaa chini yake na tenga la nyanya?

Wataalamu hawakosekani. Nashangaa sana mtu anaposema Morogoro inakosa utaalamu wa miti. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine aliyefariki Aprili mwaka huo huo mkoani humo, kinafundisha misitu. Makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania yako mjini hapo. Juu ya mji kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000, ambamo mna mimea isiyopatikana kwingine duniani. Na jamaa wa ua la zambarau linalopandwa kwenye vyungu katika madirisha ya Ulaya, lile linaloitwa Saintpaulia, wanaota porini kwenye milima hii na ile ya Usambara. Agizo nalo lipo: kila halmashauri nchini inatakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Takwimu hiyo ndiyo sehemu ya ugonjwa. Milioni 1.5 hupatikana kwa kuhesabu miche iliyotoka kitaluni, na mche hufa Agosti, wakati hakuna anayehesabu. Mti mmoja wa soko unaonyweshwa kwa ndoo mbili kila wiki kwa misimu miwili ya kiangazi haubadilishi tarakimu ya ripoti. Kwa hiyo hakuna afisa anayepandishwa cheo kwa ajili yake.

Turudi kwenye suala la mti kuwa na mwenyewe, kwa sababu ushahidi kutoka kwingine nao unaelekea hapo. Nairobi kuna Jeevanjee Gardens, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipokuja mpango wa kujenga jengo la maegesho ya magari na maduka mahali pale, bustani iliokolewa na kelele, na kelele ziliongozwa na mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel. Viwanja vingapi vya wazi vya Nairobi vilipotea miaka ile kwa kukosa mjukuu? Unguja, bustani ya Forodhani iliyofunguliwa mwaka 1936 ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture pamoja na serikali, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Wauza urojo, mishikaki na juisi ya miwa hawakutupwa nje ili maua yapate nafasi. Walitengewa sehemu yao ndani ya mpango wenyewe. Najua mtakachosema: kule kuna fedha za wafadhili na watalii. Ni kweli. Lakini fedha peke yake zinaweza kufanya kinyume, na Poland ni mfano. Miji midogo mingi ya kule ilipata fedha za Umoja wa Ulaya kukarabati viwanja vyao vya kale vya soko, na kwa jina la ukarabati ikang'oa miti ya miaka mingi na kutandaza mawe, mpaka wananchi wakaubunia ugonjwa huo jina lao, betonoza, yaani maradhi ya zege. Baadhi ya miji hiyo sasa inarudisha miti kwa gharama ya pili. Wao walikuwa na fedha, wasanifu na historia ya karne nyingi. Aliyekaa pale mchana hakuulizwa.

Linabaki pingamizi ambalo naliona zito kuliko yote, na ambalo mzee yeyote wa ukoo wa Kiluguru angelitoa kabla ya mwanasheria wa manispaa. Ukimpa muuzaji haki juu ya mti, umempa mguu ndani ya nyumba. Kesho utataka kupanua mtaro, au kujenga ghorofa ya pili, naye atasimama mbele ya mwembe wake na kudai fidia, na hatakuwa anatania: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu miti miongoni mwa maendelezo ya ardhi. Wazee walikataza miti ya kudumu kwa sababu hiyo hiyo. Jibu langu ni kwamba umiliki wa mti na umiliki wa ardhi si lazima vitembee pamoja, na Waswahili wamelijua hilo muda mrefu. Unguja na Pemba mtu anaweza kuwa na minazi au mikarafuu yake katika ardhi ambayo si yake. Anairithisha, anaiuza, anavuna, na ardhi inabaki na mwenyewe. Kinachohitajika sokoni ni kidogo kuliko hicho. Muuzaji hahitaji kumiliki mbao wala tunda. Anahitaji haki iliyoandikwa ya kukaa chini ya kivuli alichokitunza, na uhakika kwamba mti hautakatwa bila yeye na wenzake kusikilizwa. Na ikiwa haki hiyo itamfanya mkurugenzi afikiri mara mbili kabla ya kuleta msumeno, sioni hasara iko wapi. Mti usio na mtu wa kuudai hukatwa siku ya kwanza ambapo mtu anahitaji mahali pa kushushia kokoto.

Kwa vitendo jambo hili halihitaji mradi. Kila kundi la vizimba kumi au kumi na viwili lipewe mti mmoja kwa maandishi, pamoja na sehemu ya ushuru itakayorudishwa kwa kundi kila mwezi wa kiangazi iwapo mti uko hai. Mwenyekiti wa soko anaweza kukagua kwa macho. Anayehama anauacha mti kwa anayeingia, kama anavyoacha meza. Halmashauri ikilazimika kuukata, ipande mwingine mkubwa kiasi na ilipe ushuru wa kundi hilo hadi kivuli kirudi. Wauzaji wa nje, wale wa kiroba, waingizwe kwenye makundi hayo, maana ndio wanaokaa juani muda mrefu kuliko wote na ndio wanaofukuzwa kwanza. Aina ya mti ichaguliwe nao baada ya kuwasikiliza watu wa misitu, na siyo kinyume chake.

Masika ya Morogoro huanza Machi, na Siku ya Taifa ya Upandaji Miti ni tarehe 1 Aprili. Siku hiyo mgeni rasmi hupanda mche, hupigwa picha, na kibao chenye jina lake hupigiliwa ardhini. Agosti kibao huwa bado kimesimama. Waheshimiwa madiwani, mara hii pandeni sokoni, na kwenye kibao andikeni jina la muuza mchicha.